Mawe Tuliyoacha Kuyasugua

Nyumba ya mama yangu ilikuwa na mabirika mawili. La kwanza lilikuwa chooni, la maji ya kisima ya kutawadhia, na ndani yake waliishi visamaki vya kijivu ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Nyumba nyingi za Amu, yaani mji wa Lamu, zilikuwa na samaki hao, na misikiti pia. Mtoto alikua akitawadha huku samaki wakimgusa vidole, wala hakuona ajabu. La pili lilikuwa pembeni mwa kiwanda, yaani ule ua mdogo wa ndani ulio wazi juu, ambao jua huuingia saa chache tu kwa siku. Hilo lilikuwa kavu tangu baba alipofariki, kwa kuwa tulibaki wawili, mama na mimi, na birika moja lilitutosha. Lilijaa vigae na manyoya ya njiwa.

Hilo la pili ndilo ninalotaka kulisimulia. Wakati ule nilikuwa kijana, nasomesha chuo cha Kurani asubuhi, na jioni nasomesha watu wazima milango ya tohara, yaani sura za vitabu vya dini zinazohusu usafi na maji. Nilijua aina za maji kama ninavyojua majina ya ndugu zangu. Mwenyezi Mungu akanionyesha ndani ya birika lile kwamba nilijua majina tu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuja kutoka kisiwa cha Ndau na mumewe mgonjwa ili atibiwe hospitali ya Amu. Mzee hakukaa. Alifia nyumbani kwetu, siku ya Ijumaa, rehema za Mungu zimshukie. Tukamwuliza shekhe kama mjane arudi akakae eda kwao. Shekhe akauliza bahari ikoje, tukamwambia ni kali. Akauliza nyumba ya Ndau ina nani, tukamwambia haina mtu. Akasema, "Basi na akae pale pale mauti yalipomkuta mumewe. Dini haikumwekea mtu uzito asioubeba." Kwa hiyo mama mkubwa akaingia chumba chetu cha ndani kabisa kukaa miezi minne na siku kumi, bila kutoka nje, bila manukato wala pambo, akionwa na wanawake na sisi maharimu zake tu.

Hakuna aliyemsikia akilalamika. Alisali kwa wakati, akavuta tasbihi, akamwombea mumewe. Lakini alikuwa anaisha. Chakula alikionja tonge mbili ili mama asihuzunike. Tasbihi aliyojizungushia kwenye kifundo cha mkono ilianza kuteremka hadi kwenye kiwiko kila alipoinua mikono kuomba dua. Mama akamwita daktari, naye akampima akiwa nyuma ya pazia, kisha akaniambia barazani, "Ugonjwa siuoni, Mwalimu. Lakini huyu mtu anaondoka. Mkiweza kumpa sababu ya kukaa, mpeni upesi."

Mama aliketi kando ya kitanda chake. Nyumbani tulisema Kiamu; hapa naandika kama nilivyofunzwa kuandika, ila neno moja moja nimeliacha lilivyotoka kinywani.

"Dada, niambie. Una hamu ya nini? Mkate wa mofa? Uji? Nikupikie nini?"

"Tumbo halina hamu. Masikio ndiyo yenye njaa."

"Masikio?"

"Kwetu mai yakitoka, mwamba husema. Nimelala na kuamka nao tangu kuzaliwa. Hapa kuta zenu zimeziba kila kitu. Nalala kama niliyekwisha kuzikwa."

"Astaghfirullahi! Usiseme hivyo."

"Umeniuliza, nimekujibu."

Mama mkubwa alikuwa mtu wa mwambani. Maji ya bahari yakitoka, yaani yakipwa, alishuka na wenzake na kikapu na kijiti cha chuma, akawatoa pweza mashimoni, akaokota kombe. Mimi na mama tulikuwa watu wa mji. Tulipomsikia akisema mwamba husema, tulidhani anakusudia mawimbi. Hatukumwuliza zaidi.

Mama ndiye aliyelitoa wazo hilo, akiwa anapepeta mchele. "Mjane haendi baharini, nimekubali," alisema. "Lakini bahari imekatazwa na nani kuja kwa mjane?"

Niliwaza milango yote niliyoisoma, nikakosa mlango unaoizuia bahari.

Tukasafisha birika la kiwandani. Tukampata mvuvi mmoja wa Shela, kijiji jirani, aliyekubali kutuletea mawe ya mwamba, madebe ya maji ya bahari na samaki wachache wazuri. Alifika na punda wawili, akapiga hodi, akasimama dakani, kibarazani mwa mlango wa nje, na mama akasema naye kutoka nyuma ya mlango.

"Mawe haya ni ya kujengea, Bibi?"

"Ya kuweka birikani."

"Lahaula! Watu wa Amu! Mwalala ndani ya mawe, mwaketi juu ya mawe, mkifa mwajengewa mawe, na bado mwataka mawe!"

"Na wewe watu wa Shela mwataka nini? Maneno. Shusha, Bwana, punda wachoka."

Mawe yenyewe hayakuwa ya kutazamwa mara mbili. Yalikuwa na matundu kama sifongo, na juu yake pamegandwa na vitu vyekundu, vya zambarau na vya rangi ya ini, vyenye utelezi. Yalinuka bahari iliyolala. Mama aliinama akanusa, akainuka.

"Dada yangu asali mbele ya uchafu huu?"

Katika nyumba yetu tohara haikuwa mchezo. Vyombo vilioshwa kabla havijachafuka. Basi tukaketi kiwandani, mimi na mama, kwa makumbi ya nazi, mchanga na maji ya moto, tukayasugua mawe yale moja moja, tukayakwangua matundu kwa vijiti, tukayasuuza, tukayaanika juu ya dari kwenye jua. Yalitoka meupe kama chokaa. Machache yaliyokuwa mabaya zaidi tulichoka nayo. Mama aliyaacha ndani ya debe lake la maji ya bahari nyuma ya mlango wa jikoni, akaahidi kuyarudia. Maji tuliyamimina birikani kwa kuyachuja katika kitambaa cha melimeli. Kisha tukawatia samaki wawili wa manjano wenye mistari, vitatange.

Birika lilipendeza, sitakataa. Mama alimshika dada yake mkono akamtoa chumbani. Mama mkubwa alitazama maji, akatabasamu mara ya kwanza tangu mazishi. Akakaa mpaka adhana ya alasiri.

Siku iliyofuata maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Samaki walikuwa wakihema juu, midomo nje. Baada ya hapo wakalala ubavu. Nilikwenda kuwatoa kabla mama mkubwa hajaamka, nikamkuta ameshasimama pale.

"Inna lillahi," alisema, akarudi ndani, akaupa ukuta uso wake.

Tukabadilisha maji, tukaleta samaki wengine. Na mawe tukayasugua tena, safari hii kwa nguvu zaidi, maana tulidhani uchafu umebaki mahali. Samaki wakafa upesi kuliko wa kwanza. Siku ile mama mkubwa hakuonja hata zile tonge mbili. Nilimkuta mama jikoni amejifunika khanga usoni.

"Nimemletea msiba juu ya msiba," alisema. "Toa kila kitu. Mwaga maji, tupa mawe. Na lile debe pia, sijui litakuwa limeoza vipi."

Alilivuta debe mwenyewe kutoka nyuma ya mlango. Akatazama ndani. Akapiga ukelele.

Mimi nilikuja mbio kutoka kiwandani, na mama mkubwa akatoka chumbani akishika ukuta, akidhani mtu ameanguka. Tukainama watatu juu ya debe lile, lililokuwa zamani la mafuta ya taa. Maji yalikuwa maangavu kabisa; niliweza kuona kutu ya chini. Na kati ya mawe yale machafu kulikuwa na kisamaki cha buluu, si kikubwa kuliko ukucha, kinazunguka kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake.

"Huyu kaletwa na nani?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kaja ndani ya jiwe," mama mkubwa akasema. "Tunduni."

"Na tangu siku ile kala nini? Na mai haya kayasafisha nani?"

Mimi niliyekuwa na jibu la kila suala la maji nilitazama debe lile lisiloguswa na mtu, lisilobadilishwa maji, lililosahauliwa gizani nyuma ya mlango, nikaona nywele za mkono zimenisimama. Tuliyoyashughulikia yote yalikuwa yamekufa. Lile tulilolisahau lilikuwa hai na safi.

"Mama," nilisema, "haya hatukuyasugua."

Mama akaitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imevimba kwa maji ya moto na mchanga. Akaanza kucheka, akacheka mpaka khanga ikamwanguka. "Kumbe miye ndiye Izraili wao, mtoa roho!"

Na mama mkubwa, akiwa amechuchumaa na mkono mmoja ukingoni mwa debe, naye akacheka. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

Mvuvi wa Shela aliporudi, mama alimsubiri nyuma ya mlango.

"Mara hii twataka mawe machafu."

"Machafu kiasi gani, Bibi?"

"Machafu kupita yote uyaonayo."

"Bibi, nitakuletea uchafu mpaka uniombe radhi."

Aliyaleta ndani ya madebe, yamezama majini, kama tulivyomwagiza. Tukayapanga birikani yalivyo, na utelezi wake, na vitu vyake vya rangi ya ini, na yale ya debe la kwanza katikati. Maji hatukuyachuja. Kisamaki cha buluu tukakiacha debeni kwanza na jiwe lake moja, maana tulikuwa tumejifunza kuogopa.

Ndipo ukaanza mtihani wa mama. Maji yakachafuka. Baadhi ya vile vilivyoganda kwenye mawe vikafa na kunuka. Halafu kila kitu kikavaa ngozi ya hudhurungi, mawe na kuta za birika, kama sufuria iliyoungua. Mama alipita pale na makumbi ya nazi mkononi, akasimama, akapita tena.

"Usiguse," mama mkubwa alimwambia kutoka mlangoni.

"Sijagusa."

"Mkono wako umegusa. Mwili tu ndio haujafika."

"Haya basi! Nyumba hii sasa ina wajane watatu: mimi niliyemaliza, dada aliyemo, na birika. Na lenyewe halioshwi wala halipambwi. Sijui litatoka lini eda!"

Maneno yale ya mzaha yalimwingia mama mkubwa. Kuanzia hapo alikuwa akitoka chumbani kila jua lilipofika kiwandani, akaketi kwenye kigoda kando ya birika, na nguo zake za eda. Alichukua kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, akateka maji na kuyarudisha kutoka juu ili yachuruzike na kutoa povu. Alisema maji ya mwambani hayatulii, lazima yapigwe. Kila kata aliyoimwaga aliisindikiza na Subhanallah. Alifanya hivyo mpaka jua lipande ukutani na kutoweka. Bado hakuwa akila. Lakini alikuwa na kazi, na mama akaniambia nisiseme neno, nisije nikaivunja.

Ngozi ya hudhurungi ikakonda, ikaja kijani. Kutoka matunduni wakatoka wenye mji wao: konokono wadogo walioanza kuilamba ile kijani na kuacha njia nyembamba nyuma yao, kaa mwenye miguu ya nywele, kitu kama nyota yenye mikono myembamba inayopapasa. Nyungunyungu wa bahari wakajijengea vijumba vyeupe kwenye ukuta wa birika na kutoa vishada vidogo mfano wa manyoya, na ukipitisha kivuli wanajivuta ndani wote kwa pamoja. Hatukumleta hata mmoja wao. Walikuwa wamekuja wamefichwa ndani ya jiwe, kama kisamaki.

Jioni moja nilikuwa nikiwasomesha watu wazima ule mlango wa maji, tukafika pale wanazuoni wanaposema kwamba maji yaliyobadilika kwa ukoga, ule utando wa kijani unaoota ndani yake, au kwa udongo wa mahali yalipokaa, hayakutoka katika utohara wake. Nilikuwa nimelikariri suala hilo tangu utotoni. Nililielewa kama msamaha, kwamba Mungu ametuhurumia kwa maji yasiyo mazuri sana. Jioni ile nilifunga kitabu. Niliwaomba radhi wanafunzi, nikanywa maji. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu ukoga unaota, na maji yanakuwa maangavu chini yake. Waliotuandikia hukumu ile walilaza mkono mwepesi juu ya kitu ambacho mimi na mama tulikisugua kwa mchanga.

Niliporudi nyumbani nilisimama kiwandani nikatazama kuta. Kuta za Amu ni mawe ya mwamba na chokaa ya mawe hayo hayo. Pale plasta ilipobanduka uliweza kuona matundu yale yale, na maumbo kama ya maua, ya vitu vilivyokuwa hai zamani. Tangu nizaliwe nilikuwa nikilala ndani ya mwamba, wala sikuwahi kuufikiria kuwa kitu kilichoishi.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia habari hii mwalimu wa sayansi, Mkristo kutoka bara aliyepangiwa shule ya Amu, mtu mpole sana. Alinieleza kwamba mkojo wa samaki na mabaki yake huwa sumu majini, na kwamba katika matundu ya jiwe la baharini hukaa viumbe wasioonekana kwa jicho, jamii moja huila sumu ile na kuigeuza, na jamii nyingine huipokea na kuigeuza tena, mpaka iishe ukali. Katika birika jipya huchukua muda hadi waongezeke wakatosha, na kabla ya hapo samaki hufa. "Nyinyi mlikuwa mnawachemsha," alisema. Nilimshukuru. Watu husema elimu ya namna hiyo hupunguza ajabu, kwangu iliongeza. Tulikuwa tumemwaga umma mzima kwenye mfereji wa choo, na umma mwingine ukabaki nyuma ya mlango wa jikoni ukifanya kazi bila kuonwa wala kushukuriwa.

Siku moja baada ya sala ya adhuhuri, mama mkubwa alikuwa amejilaza, mlango wazi. Mama alikuwa akipakua chakula. Mimi nilikuwa nikivua makubadhi. Kiwandani kukasikika mlio, ta! kama mtu aliyevunja kijiti kikavu. Kisha tena, ta!

"Birika lapasuka!" mama akapiga kelele. "Leta ndoo! Leta ndoo, mai yatafika chumbani kwa dada!"

Nilikuwa nimeshashika ndoo nilipomwona mama mkubwa amekaa kitandani, mkono umeinuliwa.

"Nyamazeni."

Nikaweka ndoo chini. Ta. Kikapita kitambo. Ta, ta.

"Ndio huo," alisema. "Ndio mwamba. Hivyo ndivyo unavyosema."

Hakukuwa na ufa. Ndani ya jiwe moja alikuwemo kamba mdogo mwenye koleo moja kubwa kuliko lenziwe, na alipolifumba kwa ghafla lilitoa mlio ule. Mama mkubwa alitueleza kwamba kwao wamo kwa maelfu, na maji yakitoka wote husema, mwamba mzima ukalialia kama mafuta ya kukaangia, hata mtu akiwa kitandani kwake akasikia. Hakuwa amekusudia mawimbi hata kidogo. Sisi tulikuwa tumemletea bahari ya macho, na ya masikio ikaja yenyewe, bila sisi kujua kwamba ndiyo iliyotakiwa.

Alilia kidogo, kilio cha kutulia. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Hicho unachopakua ni nini?"

"Wali," mama alisema. "Na mchuzi wa papa."

"Nipelekee kiwandani. Nitakula pale kando."

Alikula kwenye kigoda chake, kando ya birika, tonge baada ya tonge, na kila ta! ilipolia alisimamisha mkono, akasikiliza, akaendelea. Mama alimtazama kutoka jikoni, amejibana mlangoni kana kwamba akionekana chakula kitageuka hewa. Siku zilizofuata tukakihamisha kisamaki cha buluu kutoka debeni. Kikaingia birikani, kikachagua tundu. Hakikufa. Tasbihi ikapanda polepole kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo cha mkono, na hapo ikatulia.

Eda ilipokwisha, wanawake wa mtaa walikuja kumwosha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Mama alitegemea kwamba birika litabaki. Alikuwa ameanza kulizoea na kulisifia kwa wageni kama vile wazo la uchafu lilikuwa lake. Lakini mama mkubwa alikuwa na ombi.

"Viumbe hawa walikaa eda pamoja nami," alisema. "Nikitoka mimi, na watoke."

Tukayatia mawe katika madebe, yote, majini, na kisamaki na konokono na kamba wa mlio. Punda wakayabeba mpaka ufukweni. Wanawake walifuata kwa dua, na mama mkubwa mbele yao, akitembea kwa miguu yake. Maji yalikuwa yametoka. Aliingia mpaka magotini na nguo yake mpya, akapokea jiwe moja moja na kulilaza mwambani taratibu, upande uliokuwa juu ukabaki juu. Alipomaliza alisimama pale akisikiliza. Nasi tukasikiliza. Nilikuwa nimepita ufuko ule tangu nimejua kutembea, na ndiyo mara ya kwanza nikausikia mwamba wa Amu ukisema.

Akarudi kwao Ndau, akaishi miaka mingi ya heri.

Birika lile lilikauka tena. Lakini ukutani vilibaki vile vijumba vyeupe vya nyungunyungu, vimepindapinda kama maandishi ya mtoto anayeanza kushika kalamu. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mama alisugua nyumba nzima, sakafu, milango, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hata ngazi za darini. Akifika kwenye birika la kiwandani alikuwa akiweka makumbi chini, akayapangusa manyoya ya njiwa kwa mkono mtupu, na akaviacha vijumba vilivyo.